Naomba ushauri: kipimo cha von Willebrand 42, kundi O

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa maabara ya damu, hasa mlioko hapa Dar.

Mgonjwa ni binti wa miaka 24, kundi O. Hedhi siku 9, pedi inajaa kila saa moja na nusu. Hemoglobini 9.1, chembe sahani 260, PT na APTT (vipimo vya muda wa damu kuganda) ziko kawaida. Protini ya von Willebrand (inayosaidia damu kuganda) imesoma yuniti 42 kwa desilita. Hana mimba wala hatumii vidonge vya majira, maana vyote hupandisha majibu.

Kundi O huwa na protini hiyo pungufu kwa takriban robo kuliko A, B na AB (ndiyo maana hao wengine hupata zaidi damu kuganda kwenye mishipa ya miguu). Kinachonitatiza, sampuli ilitoka Mbagala ikiwa damu nzima kwenye boksi la barafu, na baridi huishusha protini hiyo. Foleni ya Barabara ya Kilwa mnaijua.

Ameanzishiwa vidonge vya madini chuma, na asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kutoka damu) gramu 1 mara tatu kwa siku, siku za hedhi tu.

Je, kipimo kirudiwe kwa plazma (majimaji ya damu) iliyotenganishwa mapema na kugandishwa kwenye friza kabla ya safari? Na ikisoma 42 tena, mnaandika ugonjwa wa von Willebrand, au mnasema ni kundi O tu?