Majirani wa Chikongola, Mtwara: "Nichomeni sindano nipumzike"

[20:06] Fatu: Shikamooni wakubwa. Mgonjwa wa saratani akisema "nichomeni sindano nipumzike", anayemuuguza amjibu nini? Kuna nchi wanaruhusu mgonjwa asaidiwe kufa, si ndiyo?

[20:09] Mwl. Chilumba: Marahaba. Zipo. Uholanzi sheria ilianza Aprili 2002, Kanada 2016. Oregon kule Marekani tangu 1997: awe amekadiriwa hatavuka miezi 6, madaktari 2 wathibitishe, na dawa anywe mwenyewe. Kwetu kumsaidia mtu kujiua ni jinai, adhabu inafika kifungo cha maisha.

[20:11] Bi Somoe (nesi): Mwalimu umejibu ya mahakamani, Fatu kauliza ya kitandani 😄 Mwanangu, usimwambie "acha kukufuru". Vuta kigoda, muulize kinachomshinda ni nini hasa. Oregon kila mwaka wanaandika sababu za waombaji. Maumivu hayako juu. Juu kuna kushindwa kujiamulia mambo yao, na karibu nusu wanataja kuwa mzigo kwa watu wao.

[20:13] Mzee Nandonde: Hapo ndipo sheria hizo zinaponitia shaka. Mtu anasikia watoto wanavutana barazani nani alipe nauli ya Dar, ombi lake litakuwa la hiari kweli?

[20:14] Mwl. Chilumba: Ila mzee, kuna mateso ambayo dawa haziyafikii, na mwenye mwili ndiye anayejua.

[20:17] Bi Somoe: Yapo. Lakini kwa wengi hapa mofini, ile dawa kali ya maumivu, haikutumika sawasawa. Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Hiyo ya mwisho daktari huweza kuiandika iwe maradufu, asiamshwe usiku wa manane. Kipimo ni kile cha kwenye cheti chake, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Kosa kubwa ni kusubiri alie ndipo apewe, maumivu yakishapanda kuyashusha kazi. Na choo jamani! Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Siku 4 bila choo, ataomba kufa kwa sababu ya tumbo, nanyi mtasema saratani.

[20:18] Fatu: Wengine wanasema mofini ndiyo hiyohiyo inayomaliza.

[20:20] Bi Somoe: Kwa kipimo chake haimuui. Usingizi siku 2 au 3 za mwanzo ni kawaida. Ukimwita haamki, au pumzi zinakuja moja moja, usimpe nyingine, piga simu hospitali.

[20:22] Ustadhi Bakari: Na kukataa mashine isiyomponya si kujiua. Mafakihi wengi hawakuifanya tiba kuwa wajibu.

[20:23] Mama Agatha: Kwetu Wakatoliki vilevile, Papa Pius wa 12 alilisema 1957.

[20:25] Mzee Nandonde: Ila uamuzi huo asiachiwe binti mmoja. Akitia saini peke yake, kwenye arobaini ndugu watamwambia "wewe ndiye uliyemkatia oksijeni". Mgonjwa aseme mwenyewe mbele ya watu 2 au 3, akili ingali timamu.

[20:27] Bi Somoe: Na zamu. Kumgeuza kila baada ya saa 2 kunataka watu 2 na kanga chini yake, mabegani mpaka mapajani. Mnainua, hamburuti, kuburuta ndiko kunakochuna ngozi. Msimu wa korosho ukifika zamu zinavunjika, anabaki bibi wa miaka 70 peke yake.

[20:28] Fatu: Na akisema "nawachosha"?

[20:29] Bi Somoe: Usimwambie "hutuchoshi", macho yenu anayaona. Mtajie nani analala naye leo.

[20:31] Fatu: Alhamisi haina mtu.

[20:31] Mzee Nandonde: Niandike mimi, baada ya isha.