Darubini au muhogo: fedha ya utafiti ianze wapi?

Mla Kisamvu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nimeng'oa muhogo wangu huku Mkuranga, nusu heka. Juu shamba lilipendeza, jirani kila akipita ananisifia. Chini sasa! Kila mzizi ninaokata una mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Hata makopa haufai.

Jioni yake nimejinyoosha na simu, nakutana na video ya Wakenya wakishangilia Taifa-1, ile satelaiti yao iliyorushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023. Shilingi zao milioni 50. Chini ya video Watanzania wenzangu wamejazana: na sisi tumechelewa, na sisi tunataka satelaiti, tunataka darubini kubwa kama za Afrika Kusini.

Nauliza bila utani: nchi ambayo mkulima wake hajui muhogo wake umeoza mpaka siku ya kuvuna, ina haki gani ya kutumia fedha ya umma kuchungulia nyota? Kila mtu anasema Mwalimu alisema kwamba wakati wengine wanahangaika kufika mwezini, sisi tunahangaika kufika kijijini. Mimi niko kijijini na bado sijafikiwa.

Kinyozi wa Voi

Milioni 50 zetu hazinunui hata nyumba ya maana pale Karen. Na kale kasatelaiti ni kadogo kama mkate mrefu, kazi yake ilikuwa kupiga picha za mashamba na misitu. Kwa hiyo mkulima yumo. Tuachieni furaha yetu.

Dada wa Maabara

Mla Kisamvu, pole na shamba. Lakini mfano uliouchagua unakusuta mwenyewe.

Ulichokikuta ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Virusi vyake hubebwa na nzi weupe, na hubebwa pia na pingili tunazogawiana sisi kwa wema wetu. Sasa nzi weupe ukiwatazama kwa macho ni walewale, ila si ndugu wa tumbo moja. Wapo wa aina nyingi na madhara yao hayalingani. Ili uwatofautishe inabidi usome vinasaba vyao, uvilinganishe na vya wengine wengi, uchore mti wa ukoo. Hesabu za mti huo hazina mchezo: ukiongeza wadudu wachache tu, idadi ya miti inayowezekana inapaa mpaka kompyuta ya ofisini inakaa wiki inakoroma.

Mwanabiolojia Laura Boykin, aliyekuwa akishirikiana na watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda, alizipeleka hesabu hizo kwenye kompyuta kuu za kituo cha Pawsey, Perth, Australia. Kituo kile kilijengwa kwa ajili ya nini? Mwaka 2009 serikali ya Australia ilitenga dola zake milioni 80, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kujiandaa na takwimu za SKA, darubini ya redio inayojengwa sasa hivi Australia na Afrika Kusini. Hata jina lenyewe, Joseph Pawsey alikuwa mtu wa darubini za redio. Yaani mashine iliyowekwa kwa ajili ya nyota ndiyo iliyosaidia kuhesabu nzi wa muhogo wako.

Baadaye kundi hilohilo likaja na kifaa cha kusoma vinasaba kinachoshikika kiganjani, likakaa shambani chini ya mti, na jibu la virusi likapatikana siku ileile.

Nikuongezee moja. Hiyo Wi-Fi uliyotazamia video: John O'Sullivan na wenzake wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali hukohuko Australia, walianza kwa kutafuta mawimbi ya redio ya mashimo meusi madogo yanayolipuka. Hawakuyapata. Lakini ujuzi wa kusafisha mawimbi yaliyochafuka ukaja kuingia ndani ya Wi-Fi. Huwezi kukaa bajetini ukaandika "tafuta Wi-Fi".

Mla Kisamvu

Dada, nimekuelewa, lakini soma tena ulichoandika. Kompyuta iko Perth. Fedha ya Perth. Nzi ndio wametoka kwetu. Umenithibitishia kwamba Australia imefaidi kwa kutazama nyota. Sijaona Mkuranga imefaidi nini zaidi ya kutoa nzi.

Mtu wa Ngomeni

Hapo ndipo penyewe, bwana. Mimi nimekulia Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ukisimama ufukoni unayaona yale majukwaa ya Waitaliano baharini. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, pale ndipo iliporushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei kutoka angani. Ni ya Marekani, roketi ya Marekani, jukwaa la Italia. Wakaipa jina *Uhuru*. Ikafanya kazi mpaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, ikasaidia wanasayansi kuamini kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi kweli. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti ule, akapewa Nobel ya fizikia 2002.

Neno letu limeandikwa katika kila kitabu cha elimu ya nyota duniani. Haya, nenda Ngomeni uulize vijana wangapi wanajua. Wazee wanakumbuka kishindo tu. Anga ilipita juu ya vichwa vyetu ikatuachia jina.

Ndiyo maana sikubaliani na nyote wawili. Mla Kisamvu anasema tusichungulie nyota. Dada anasema kuchungulia kuna baraka. Mimi nasema sisi tulishachungulia, yaani tulishika ngazi, mwenzetu akapanda.

Dada wa Maabara

Mtu wa Ngomeni, umenikamata vizuri na sitajitetea sana. Ila tazama Afrika Kusini, wao hawakushika ngazi. MeerKAT, dishi 64 kule Karoo, ilizinduliwa Julai 2018, na wahandisi wake wengi ni wao wenyewe. Ilipoingia korona mwaka 2020 na dunia nzima inagombania mashine za kusaidia kupumua, serikali yao ilimpa nani kazi ya kusimamia utengenezaji? Taasisi ya darubini za redio. Kwa sababu ndiko walikokuwa watu waliozoea kubuni kifaa kigumu kuanzia karatasi mpaka kiwandani. Mashine maelfu zikatoka. Mgonjwa wa Durban aliyepumua kwa mashine ile hakuwa na habari na galaksi.

Kenya nayo iko kwenye orodha ya nchi nane za Afrika zilizoshirikishwa na Afrika Kusini kwenye mradi wa SKA. Swali la kuwauliza wakubwa ni wameajiri wahandisi wangapi wa kukaa na kazi hiyo.

Muuguzi wa Zamani

Naona mnagombea sahani tupu. Viongozi wa Afrika walikubaliana asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Kenya ikazidisha, sheria yake ya sayansi ya 2013 inataja asilimia 2. Muulize mbunge wako yeyote zimefika.

Mimi nimetoka upande wa malaria. Chanjo ya kwanza, RTS,S, ilianza maabara 1987. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Miaka 34! Watoto wa Kilifi, Korogwe na Bagamoyo walichomwa sindano za majaribio, mama zao wakaja kliniki jua na mvua. Ikafuata R21, ikapita Kilifi na Bagamoyo tena, ikakubaliwa Oktoba 2023, na inatengenezwa India. Sina chuki na India, ilibuniwa Oxford na wao wakawa na kiwanda. Sisi tulikuwa na homa.

Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada. Afrika Kusini kuna jaribio la chanjo ya UKIMWI lilikuwa mlangoni kuanza, likasimama. Haikuwa kwa sababu sayansi imeshindwa, mwenye mfuko ameufunga. Sasa ninyi jadilini darubini. Mimi naogopa zaidi nchi ambayo hata utafiti wa homa yake yenyewe unazimwa na mtu wa ng'ambo kwa saini moja.

Kinyozi wa Voi

Daktari amewasha moto.

Muuguzi wa Zamani

Muuguzi, si daktari.

Bwana Shamba Mstaafu

Wanangu, nimesoma tangu asubuhi. Huyu kijana wa Mkuranga ana hasira na ana haki, lakini anadhani utafiti wa muhogo ni njia fupi kuliko ya nyota. Hapana.

Ugonjwa uliokula shamba lako, mtafiti Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa Amani, kule Usambara. Kituo kile Wajerumani walikianzisha 1902, Waingereza wakakirithi. Miaka hiyo ya thelathini walifanya jambo ambalo wewe, Mla Kisamvu, ungelipigia kelele. Walichukua muhogo wakauzalisha na mti wa mpira, ule ulio wa ukoo wa muhogo. Mti wa mpira! Haulimwi kwa chakula, mizizi yake hailiki. Ungesema wazungu wamerukwa na akili huku watu wana njaa. Walichotaka ni ule ukaidi wa mpira dhidi ya magonjwa. Wakawa wanazalisha tena na tena na muhogo wa kawaida mpaka mizizi ikarudi kulika.

Kazi ikafungwa 1957. Lakini vizazi vya mimea ile vilishasambazwa, vingine vikafika Nigeria, na huko ndiko zilikotoka mbegu nyingi zinazohimili batobato, ule ugonjwa mwingine wa muhogo, barani leo. Damu yake ni ya Amani. Imebidi iende Ibadan ndipo irudi kwetu na jina jipya.

Michirizi tuliiona ni ugonjwa wa pwani, hauwezi kupanda mlima. Mwaka 2004 ukaibuka Uganda, juu ya mita 1,000, tukabaki tunatazamana. Hatukuwa na watu wa kutosha wa kufuatilia, maana nani analipa mtu afuatilie ugonjwa ambao bado haujafika?

Kwa hiyo kwangu darubini si adui wa muhogo. Adui wa muhogo ni kufunga 1957.

Mla Kisamvu

Mzee, shikamoo. Hili la mpira sikuwa nalijua. Nakubali kwamba ningekuwepo Amani ningeandamana.

Lakini sijahama kabisa. Bado nasema shilingi ya kwanza iende kwa bwana shamba. Tangu uondoke kazini, mzee, huku kwetu sijamwona mwingine.

Dada wa Maabara

Wakati unamsubiri bwana shamba, pakua Nuru kwenye simu. Ni programu ya PlantVillage, Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo. Kompyuta ilianza kufundishwa kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha 2,756, na zote zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Unaielekezea jani, inakwambia. Haihitaji intaneti. Anza na majani ya chini, michirizi hujionyesha huko kabla ya juu.

Mtu wa Ngomeni

Picha za Bagamoyo, jina la Kiswahili, mwenyewe Marekani. *Uhuru* nambari mbili hiyo.

Mla Kisamvu

Nimejaribu leo asubuhi kwenye ile robo heka niliyobakiza. Majani ya juu ilisema mazima. Nikainama, nikaielekezea ya chini, mashina matano mbalimbali. Manne imesema michirizi ya kahawia. Nikafukua shina moja nihakikishe. Ni kweli.

Mzee, sasa nifanye nini? Simu imenyamaza hapo.

Bwana Shamba Mstaafu

Ng'oa yote, choma, usimpe mtu hata pingili moja kwa kumwonea huruma. Usirudishe muhogo papo hapo, panda kunde kwanza. Msimu ukifika njoo Kibaha nikupe pingili za muhogo aina ya Kiroba. Nakwambia mapema, Kiroba inavumilia, si kwamba haiugui, kwa hiyo kila mwaka uikague. Gunia na nauli ni juu yako.

Mla Kisamvu

Nitakuja, mzee. Na simu nitakuja nayo, tuzikague kwanza hizo za kwako.