Kempa kulala nje msimu wa baridi: kumwaga maji tu, au kujaza dawa ya pinki?

Mzaramo_Bavaria
Wakuu, habari za jioni. Nipo kusini mwa Ujerumani, kempa yangu (gari la kulalia safarini) ni vani ya dizeli. Namba zake za usajili ni za msimu, Aprili hadi Oktoba, kwa hiyo Novemba ikiingia siruhusiwi hata kuiegesha barabarani. Nimepata nafasi kwa mkulima: uwanja mtupu, hakuna paa wala umeme. Fundi ananiambia nimwage maji, inatosha. Jamaa wa Marekani wote naona wanajaza kwenye mabomba ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda. Nishike lipi? Na nifunike au niache?

MamaTwalib_MN
Mimi niko Minnesota, nyuzi -25 huku hazimshtui mtu. Jaza dawa, baba. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na yale machache yaliyojificha ndani ya pampu yanatosha kuipasua. Ila soma kopo: iwe propilini glaikoli, ya mabomba ya maji ya kunywa. Ya rejeta, ethilini glaikoli, ni sumu. Na geuza kwanza valvu za mchepuko ili dawa isipite kwenye boila (tangi la kupashia maji moto), la sivyo boila la galoni 6 litakunywea dawa yote.

FundiBomba_Malmo
Shikamoo mama, lakini hapo unazungumzia magari ya kwenu. Kempa nyingi za Ulaya hazina huo mchepuko. Zenye boila la kampuni ya Truma huwa na valvu ya FrostControl, inajifungua yenyewe joto likishuka karibu nyuzi 3 na kumwaga maji ya boila. Kwa hiyo Mzaramo, mwaga tu, ila mwaga kweli. Fungua matangi, washa pampu kidogo iteme yaliyobaki, kisha puliza mipira ya maji kwa upepo mdogo. Bomba za mpini mmoja ziache wazi na mpini ukae KATIKATI. Ukiuacha upande wa baridi, maji ya upande wa moto yanabaki humo humo, na hapo ndipo nyingi hupasukia. Kichwa cha shawa kilaze chini. Dawa ya pinki mimina kidogo kwenye kona za mabomba ya kutolea maji ya sinki na shawa, basi.

MamaTwalib_MN
Marahaba mwanangu. Nakubali kwa boila. Lakini mpira ukilegea katikati, maji hutuama pale na upepo unapita juu yake tu. Magari yetu mabomba yanapita chini ya sakafu, siwezi kuyaona, ndiyo maana siwezi kuamini upepo peke yake.

Edmonton_Mswahili
Wote mko sawa, kila mmoja kwa gari lake. Mimi kinachonitisha zaidi ni betri. Ya asidi ikiwa imejaa inastahimili hata chini ya -50, ikiisha chaji inaganda karibu na -10. Kwa kuwa huna umeme hapo, ing'oe uende nayo ndani. Kama ni lithiamu, baridi yenyewe haina shida, shida ni kuichaji chini ya sifuri. Kata waya wa sola kama betri haijizuii yenyewe.
Kufunika: turubai la plastiki hapana kabisa. Linafungia unyevu, na upepo ukilipigapiga linakwangua rangi. Chukua kifuniko kinachopumua, au osha paa, kagua gundi za madirisha, uache wazi. Mimi naacha wazi.

Mzaramo_Bavaria
Nimewaelewa. Mipira yangu yote naiona ndani ya kabati, namwaga na kupuliza. Betri ni ya asidi, naing'oa. Dizeli je? Na Januari niende kuliwasha kidogo?

FundiBomba_Malmo
Betri umeing'oa, utaliwasha na nini? 😂 Liache. Injini ya dakika tano haipati moto, inakuachia maji tu kwenye ekzosi. Isitoshe dizeli ya baridi kali huko kwenu inaanza kuuzwa katikati ya Novemba, yako itakuwa ya Oktoba, inaweza kuganda. Jaza tangi ili unyevu usipate nafasi, na gari usiliguse mpaka Aprili. Breki ya mkono usivute, itashikana. Weka gia na vigingi kwenye matairi. Friji iache mlango wazi.

Edmonton_Mswahili
Na ni shambani, panya watakuja. Ziba matundu ya chini kwa stilwaya za kusugulia sufuria, na usiache hata punje ya mchele kabatini.