Tupeane uzoefu: ulikamatwa ukaachiliwa bila mashtaka, rekodi yako iliishia wapi?

Wadau, wengi wetu hapa Kenya tumelipitia hili kimya kimya. Umezolewa kwenye msako, umelala seli, asubuhi unaambiwa nenda nyumbani. Hakuna kesi, hakuna hakimu, ila jina lako limebaki kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Nani analisoma? Na wewe mwenyewe ukiliomba, unaonyeshwa?

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na pia haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha kumhusu zisahihishwe au zifutwe. Kifungu cha 31 nacho kinalinda faragha. Msimamo wangu: mhusika na familia yake wafunguliwe ukurasa, mwajiri na jirani wafungiwe. Lakini nataka kusikia yaliyowapata nyinyi.

Boda wa Usiku
Sisi tulizolewa stejini, tukapakiwa kwenye lori. Waliotoa kitu kidogo walitoka usiku huohuo, wengine tukakaa hadi asubuhi. Pikipiki nikarudishiwa bila betri wala vioo. Nikaenda kulalamika, nikaulizwa OB namba. Sina. Kitabu kikafunguliwa: usiku ule kuna ugomvi wa baa, mbuzi aliyepotea na kitambulisho kilichookotwa. Sisi hatumo. Kwa mujibu wa kitabu, nililala kwangu. Nyinyi mnaogopa jina kuonekana, mimi liliniumiza kwa kutoonekana.

Mama Wawili
Maandamano ya Juni 2024, kijana wangu hakurudi nyumbani. Nikazunguka vituo. Kimoja nikaambiwa, "Mama, hapa hayuko, jaribu kwingine." Nikasema, "Afande, sikuombi umwachilie. Niangalizie tu jina kwenye kitabu." Akakifunga, akaweka kiwiko juu yake. Kijana alipoachiliwa, bila kufikishwa kortini, aliniambia alikuwa kituo kilekile na sauti yangu aliisikia. Anayetaka orodha ya waliokamatwa iwe siri, naomba anifikirie.

Karani
Pole sana mama. Yangu ni kinyume. Pesa zilipotea kazini, tukakamatwa kadhaa. Nikaandikisha taarifa, nikachukuliwa alama za vidole, nikatoka kwa dhamana ya polisi. Upelelezi haukupata kitu, nikarudishiwa pesa yangu. Nikadhani yameisha.

Baadaye kazi nyingine ikataka cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi. Nikalipa shilingi 1,050 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikapeleka vidole, nikangoja. Cheti hakitoki. Kumbe faili la zamani halikuwahi kufungwa. Kilichoniokoa ni barua ya kituo kilichonikamata kwamba suala liliisha bila mashtaka, na kuipata ilikuwa nenda rudi, mara aliyeshughulikia amehamishwa, mara faili haionekani. Nafasi ile ilipewa mtu mwingine. Ukirudishiwa dhamana, usiondoke bila maandishi.

Mzee wa Kata
Dawa ni moja. OB iwekwe mtandaoni, kila raia asome. Maovu hufanyika pasipoonekana.

Karani
Mzee wangu, na jina langu liwe humo? Anayetafuta mfanyakazi akiliona hatafika mwisho wa mstari kujua kwamba niliachiliwa.

Msaidizi wa Sheria
Mzee, heshima zako. Kinachobana polisi ni idadi: wangapi walikamatwa, kwa sababu gani, wangapi walifika kortini, wangapi walitolewa na saa ngapi. Hayo yote yaombwe hadharani bila jina hata moja. Kituo kinachokamata watu kila Ijumaa na kuwaachilia Jumamosi kitajulikana kwa tarakimu zake.

Mama, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi, lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Mtoto aliyefungiwa yuko kwenye hizo saa 48. Andika barua kwa OCS, yaani mkuu wa kituo, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikunyima au wakinyamaza, peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala. Karani, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inakuruhusu kudai rekodi isiyo sahihi irekebishwe. Taja na Kifungu cha 35.

Boda, kutoandikwa ndiko kubaya zaidi. Katiba inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, na asiyeandikwa hana saa ya kuanzia kuhesabiwa. IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, inapokea malalamiko hata kama huna OB namba. Peleka majina ya mliokuwa pamoja, kila mmoja aandike taarifa yake.

Boda wa Usiku
Kwa hiyo siku nyingine niombe namba mbili, ya kuingia na ya kutoka?

Msaidizi wa Sheria
Ndiyo. Pamoja na saa, na namba ya afande wa zamu. Mtumie mtu wa nyumbani kwa simu kabla hujatoka getini.