Vituo vya watoto Dar, acheni kuwaandikia watoto wa miaka 4 kwamba wamezaliwa 1990!

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wenye vituo vya kulelea watoto, chekechea na kozi za likizo zilizozagaa kuanzia Sinza mpaka Mbagala, wanaotoza hela kwa jina la "gemu za kujifunza mtandaoni". Wazazi nanyi someni, hela ni zenu na watoto ni wenu.

Kinachofanyika ni hiki. Kituo kinanunua vishikwambi vya bei rahisi Kariakoo, vinane au kumi. Mwalimu anafungua akaunti ya Google, akifika kwenye mwaka wa kuzaliwa anaweka 1990, kwa sababu akiweka mwaka wa kweli mfumo utamdai mzazi athibitishe. Akaunti hiyo hiyo inaingizwa kwenye vishikwambi vyote, kila mtoto anapewa chake, mwalimu anaenda kukaa pembeni na simu yake.

Huo mwaka wa uongo ndio unaoharibu kila kitu. Programu nyingi zinaangalia tarehe ya kuzaliwa ili kuamua nani azuiwe kuchati na watu asiowajua, gemu zipi zikubaliwe na matangazo gani yaonyeshwe. Ukisema mtumiaji ana miaka thelathini na kitu, unaletewa vya mtu wa umri huo. Sehemu ya kuchati inakuwa wazi, na tangazo la kubeti linaweza kuingia katikati ya gemu ya kuhesabu maembe. Kubeti nchi hii ni kuanzia miaka 18! Nani alimruhusu mwalimu amvushe mtoto wa watu huo mpaka?

Mtazameni mtoto wa miaka 4 anapokutana na tangazo. Video inajaa kioo kizima, anasubiri. Alama ya kufunga inatokea kwenye kona, ndogo kama punje ya mchele, na ncha ya kidole chake ni pana kuliko hiyo alama. Akibonyeza anagusa tangazo lenyewe. Play Store inafunguka, anabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote, gemu nyingine inaanza kujipakua, bando linayeyuka, maembe hayapo tena. Hajui kusoma, kwa hiyo hajui pa kurudia. Alichojifunza hapo ni kubonyeza chochote kinachong'aa.

Dawa yake wala si ngumu. Mzazi au mlezi afungue akaunti ya mtoto kwa Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia kifaa cha mtoto, yenye mwaka wa kweli, ili kila gemu mpya isubiri idhini kwenye simu ya mtu mzima. Msihangaike kusahihisha umri kwenye akaunti ya zamani, Google inaweza kuifunga hadi apatikane mzazi wa kuisimamia. Fungueni mpya. Kwenye mipangilio ya usalama washeni kubandika programu, yaani mtoto abaki kwenye gemu moja asiweze kutoka, na chagueni idaiwe namba ya siri kabla ya kuibandua. Majina ya menyu yanatofautiana simu na simu, ila kipengele kipo kwenye Android nyingi. Kisha zimeni data na Wi-Fi, mfungue gemu. Ikigoma kucheza bila intaneti, kwa watoto wa umri huu itoeni. Jaribio hilo ni la dakika moja na linaondoa takataka nyingi.

La pili linaloniudhi ni kishikwambi kimoja kwa kila mtoto, tena na hedifoni masikioni. Watoto kumi chumba kimoja, hakuna anayezungumza na mwenzake, halafu mnawaambia wazazi wanacheza pamoja! Mtoto anayecheza mdako au rede anajifunza zamu, anabishana, anaeleza kwa nini jiwe limeanguka. Hayo ndiyo ya kuyaleta kwenye kioo. Wawili kwa kishikwambi kimoja, sauti ndogo, hedifoni hapana. Mmoja anagusa, mwingine anasema kifanyike nini, na baada ya dakika 5 wanabadilishana. Yule wa kusema asiruhusiwe kunyoosha kidole kwenye kioo, la sivyo mwenye nguvu atashika vyote.

Mfano ni ScratchJr, programu ya watoto wa miaka 5 hadi 7 ya kuunganisha vipande vya amri ili wahusika kwenye kioo watembee. Ni ya bure, haina matangazo, na ikishasakinishwa haihitaji bando. Wekeni paka na mhusika mmoja zaidi, kila mtoto na wake. Paka anaanza kwa bendera ya kijani, anatembea hatua 5, kisha anatuma bahasha, yaani ujumbe, ya rangi ya machungwa. Mhusika wa pili anaanza pale tu anapopokea bahasha ya rangi hiyo hiyo. Hapa ndipo wanapokwama: mmoja anachagua bahasha nyekundu, mwenzake ya machungwa, paka anafika na yule mwingine amesimama tu. Au vipande vimewekwa karibu karibu lakini havijashikana, basi bendera inabonyezwa weee, hakuna kinachotokea. Mwalimu asikimbilie kurekebisha. Aulize, "Bahasha yako rangi gani? Na ya mwenzako?" Anyamaze, awape muda. Kabla ya kishikwambi, wachoreeni chaki sakafuni, mmoja awe paka ahesabu hatua zake, mwingine asubiri kupewa kadi ya rangi. Wakikaa kwenye kioo, kazi nusu wameshaifanya kwa miguu.

GCompris nayo ni ya bure, ina gemu za kucheza wawili, kama ile ya kupanga nne kwenye mstari mmoja. Khan Academy Kids haina matangazo, ila ni ya Kiingereza, kwa hiyo lazima mtu mzima akae hapo azungumze Kiswahili. Mkitaka video za Kiswahili, Ubongo wanazitengeneza hapa hapa Dar.

Na muda! Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya kioo kwa siku, na wa mwaka 1 asipewe kabisa. Hiyo saa ni ya siku nzima, pamoja na katuni za nyumbani. Kituo kinachowaweka watoto kwenye kioo kwa muda wa saa mbili kabla ya uji wa saa nne asubuhi kinajaza ratiba tu.

Wazazi, kesho mkiwapeleka watoto, ombeni mshike kishikwambi kimoja. Fungueni taarifa za akaunti, tazameni tarehe ya kuzaliwa. Mkikuta 1990, daini akaunti ifutwe mbele yenu na ada ya hiyo kozi irudi, siku hiyo hiyo.