Mrejesho: Vitz inayolalia upande wa dereva

Wakuu, niliuliza kama kilo zangu 112 ndizo zinazofanya Vitz yangu ilalie kulia na kuchelewa kutulia kwenye kona. Wengi mlicheka, mkaniambia nipunguze ugali.

Jumamosi nikaenda kwa fundi. Akachukua futi kamba, akapima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi, gari likiwa tupu: kulia mbele tayari pameshuka sentimita 2. Nilipokaa, pakashuka 1 zaidi. Kumbe springi imechoka na shokapu inavuja mafuta. Mwili wangu ulikuwa unaianika tu aibu yake.

Tumebadilisha za mbele zote, kushoto na kulia, kisha alaimenti (mkao wa matairi) ikapimwa nikiwa nimekaa kwenye usukani. Sasa kona za kushoto, ambako uzito wote hukimbilia kulia, gari halijilazi tena.

Ila waliotetea hoja yangu hawakukosea. Gari lenyewe ni kama tani 1, mimi peke yangu zaidi ya sehemu ya kumi! Hata kwenye mbio za magari za Formula 1, mwaka 2019 waliweka kanuni dereva na kiti chake wafike kilo 80; aliye mwepesi anaongezewa vyuma.

Ugali bado nakula.