MALALAMIKO: Tulilipia maua ya machipuko Table Mountain, wakala akatupeleka Aprili

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, ila nimejitahidi kupanga maneno, kwa sababu siku nilipojaribu kulieleza jambo hili kwa simu kijana wa ofisi ya wakala aliniambia, "Mama, punguza jazba kwanza," kisha akakata. Nimepunguza. Sasa naomba nieleze.

Sisi ni wanawake kumi na mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa, wengi wetu wa Magomeni na Tabata, na mimi ndiye katibu. Kwa miaka miwili, mbali na hisa za kila wiki, kila mmoja alikuwa akichanga fedha kwa ajili ya safari moja ya nje ya nchi. Wazo la kwenda Cape Town lilitoka kwa mwenzetu anayeuza miche ya maua kando ya barabara, ambaye aliwahi kuokota ua moja la protea, ua la asili ya Afrika Kusini, kwenye shada lililoachwa ukumbini baada ya harusi, akakaa nalo nyumbani miezi kadhaa likiwa limekauka bila kupukutika, na tangu hapo kila tukikutana akawa anasema hafi mpaka aone mti unaozaa ua la namna ile. Wengine tulikuwa tunataka Dubai. Yeye alitushinda kwa picha.

Picha yenyewe ilikuwa tangazo la wakala mmoja wa safari wa hapa jijini, ambaye sitamtaja kwa sababu bado tunadaiana naye. Ilionyesha zulia la maua ya njano na ya rangi ya chungwa, nyuma yake Table Mountain, mlima uliokatwa juu kama meza, na maandishi makubwa: "Machipuko ya Cape Town, Aprili." Bei ilikuwa shilingi 4,650,000 kwa kila mtu. Tulilipa kwa awamu tatu, na kila awamu tulipewa stakabadhi ya kuandikwa kwa mkono badala ya risiti ya mashine, jambo ambalo mimi kama katibu nilipaswa kulipigia kelele siku ileile, na sikulipigia. Hilo nalikiri mbele yenu kabla hamjaniuliza.

Swali moja la msingi, hata hivyo, niliuliza. Niliuliza kwa nini Aprili, wakati Aprili kwetu ni masika na mtu mwenye akili hasafiri. Nikajibiwa, kwa uhakika wa mtu aliyelisomea jambo, kwamba machipuko ni Machi hadi Mei na kwamba tukichelewa tutakuta maua yameisha.

Ningependa muelewe ni kwa nini jibu lile lilitupita. Sisi watu wa Dar es Salaam hatuna machipuko. Tuna masika na vuli, tuna kiangazi na kipupwe, na wavuvi wa Feri wanahesabu kaskazi na kusi. Machipuko, yaani majira ya mimea kuchipua baada ya baridi, ni neno la darasani, tulilikariri kwenye somo la jiografia pamoja na theluji, tukafanya mtihani, tukaliacha hukohuko. Mtu mwenye meza na kompyuta akikwambia machipuko ni Machi hadi Mei, unakubali. Na ni kweli kabisa, ukiwa London. Cape Town ipo kusini mwa Ikweta, karibu nyuzi 34, na huko Machi hadi Mei ni majira ya majani kupukutika, wakati machipuko ni Septemba hadi Novemba, huku maua ya porini yakianza kufunguka tangu Agosti. Kosa hili angelifanya wakala wa Ulaya ningemvumilia kidogo. Limefanywa na wakala anayeishi Dar es Salaam, ambayo nayo ipo kusini mwa Ikweta.

Tena si suala la majina ya majira tu. Sisi hapa tunatarajia mvua kubwa kati ya Machi na Mei, lakini Cape Town hupata mvua zake wakati wa baridi, kuanzia kama Mei mpaka Agosti. Ardhi ikishashiba maji na jua likaanza kurudi, ndipo mbegu na matunguu yaliyolala yanapoamka kwa pamoja. Aprili ni mkia wa kiangazi kirefu, na ardhi imekauka. Muuza miche wetu, baada ya kuelezwa hayo, alisema kwamba tulipelekwa kuvuna kabla ya mvua ya kupandia.

Asubuhi ya kuondoka, barabara ya Jangwani ilikuwa imefungwa kwa maji, na wenzetu wa Magomeni walizunguka jiji zima kufika penye kituo cha basi la wakala katikati ya mji, viatu mkononi. Hatukulalamika, kwa sababu tulidhani tunaikimbia mvua kwenda kwenye maua.

Ratiba ya siku nne ilikuwa na asubuhi moja tu ya mlima. Asubuhi hiyo kulikuwa na upepo mkali wa kusini mashariki, na wingu jeupe lilikuwa limeufunika mlima juu na kuning'inia pembezoni. Wenyeji huliita kitambaa cha meza, na ni zuri kulitazama, lakini upepo ukiwa mkali namna ile gari la kamba (cable car) halifanyi kazi. Gari hilo limekuwa likipandisha watu tangu mwaka 1929, na kila siku waendeshaji wake hutangaza mapema kwenye intaneti kama limefunguliwa au limefungwa. Kiongozi wa msafara wetu, kijana ambaye naye ilikuwa mara yake ya kwanza kufika, hakuwa ameangalia. Tulisimama kwenye maegesho tukiwa na vitenge vya sare, upepo ukitupiga mchanga usoni, naye akatushauri tupande kwa miguu kupitia korongo la Platteklip. Mlima ule una mita 1,085 kutoka usawa wa bahari, njia ile ni ngazi za mawe mwanzo mpaka mwisho, na miongoni mwetu wapo watatu wenye presha na mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Nilimwambia, "Mwanangu, tangulia wewe."

Pale kwenye maegesho kulikuwa na mtu anayelinda magari, Mkongo wa Bukavu, aliyefurahi sana kusikia Kiswahili. Akatuuliza tumefuata nini. Tukamwambia maua. Alituangalia mmoja mmoja, kisha akasema taratibu, kana kwamba anatoa taarifa ya msiba: "Bamama, maua ni mwezi wa kenda," yaani wa tisa. Muuza miche akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Mlinzi wa magari alijua, na wakala aliyechukua zaidi ya shilingi milioni 51 kutoka kwetu hakujua, au alijua akanyamaza. Sijaamua lipi ni baya zaidi.

Siku iliyofuata upepo ulitulia na mlima ukafunguliwa. Ratiba, hata hivyo, ilisema maduka, na kiongozi akakataa kuibadilisha kwa sababu basi lilikuwa limeshakodiwa kwenda huko. Wanne tulijitoa, tukakodi teksi na kununua tiketi kwa fedha zetu. Gari la kamba lenyewe sina neno nalo: sakafu yake inazunguka polepole ili kila mtu aone bahari na jiji bila kusukumana, na kwa dakika kama tano tulisahau hasira.

Juu tukakuta mawe ya kijivu, vichaka vikavu vya kufika magotini na pimbi. Pimbi walikuwa wengi, wanene, wamekaa juani kama wazee wa baraza. Mwenzetu mmoja alisema kama ni pimbi angeenda kuwaona Serengeti kwa kiingilio cha mzawa. Muuza miche hakusema kitu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kichaka kimoja cha protea, ameshika kwa ncha za vidole kichwa cha ua la msimu uliopita, kimekauka, kahawia, nyuzi zake zimesimama wima kama burashi ya rangi iliyosahauliwa juani. Lilikuwa hali ileile ya ua alilonalo kabatini Tabata. Alikaa pale mpaka nikamshika bega.

Niwe mkweli, kwa sababu najua wakala au rafiki zake watapita hapa: maua yalikuwepo. Mimea ile inaitwa fynbos, na hakuna mwezi ambao haina kabisa kinachochanua. Niliona vikengele vya rangi ya waridi vyenye ukubwa wa punje ya mtama, kwenye kijiti kimoja kilichojificha nyuma ya jiwe, na nilipiga magoti kuvitazama na vilikuwa vizuri. Ukanda ule una zaidi ya spishi 9,000 za mimea, nyingi zake hazioti kwingine duniani, na ndiyo maana UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Ila sisi hatukulipia kikengele. Tulilipia zulia.

Na zulia lile, ndugu zangu, hata Septemba lisingekuwa mlimani. Nimeitazama tena picha ya tangazo, na mtu yeyote akiitazama vizuri ataona bahari imekaa katikati ya maua na mlima. Imepigwa ng'ambo ya ghuba, upande wa Bloubergstrand, na maua yale yameota kwenye mchanga wa pwani, miguuni mwa mpiga picha. Anayetaka mazulia makubwa zaidi ya maua ya porini anapaswa kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwenda kaskazini, kwenye Hifadhi ya Taifa ya West Coast, ambako eneo la Postberg hufunguliwa kwa wageni Agosti na Septemba pekee, na hata huko maua mengi hufunguka jua likiwaka tu. Hayo yote nimeyajua baada ya kurudi, kwa jioni mbili za kusoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Bustani ya Kirstenbosch, iliyoanzishwa mwaka 1913 kwenye mteremko wa mashariki wa mlima huohuo, ambako angalau muuza miche wetu angesoma majina ya mimea kwenye vibao vyake, haikuwemo kwenye ratiba.

Tuliporudi, majibu ya ofisi yalikuwa yakibadilika kila tulipokwenda. Kwanza tuliambiwa, "Mama zangu, maua ni kazi ya Mungu." Kisha tukaonyeshwa kipengele cha mkataba kinachosema kampuni haitawajibika kwa hali ya hewa. Kwa ule upepo wa siku ya kwanza nakubali, ingawa kupanga asubuhi moja tu kwa mlima wenye sifa ile ni uzembe. Lakini mwezi wa kuchanua maua si hali ya hewa. Unajulikana mwaka mzima kabla, kama Idi na Krismasi zinavyojulikana, na ndilo jambo pekee tulilomlipa mtaalamu atujulie. Mwisho wakatupa ofa: punguzo la shilingi 200,000 kwa kila mmoja katika safari ijayo ya machipuko. Nikauliza ni lini. Aprili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Aprili ileile, maua yalikuwa yamejaa hapahapa nchini. Hifadhi ya Kitulo, ambayo watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaiita Bustani ya Mungu, huchanua msimu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na ina okidi za ardhini za kila aina. Ni basi la Mbeya na gari la kukodi. Binti wa mmoja wetu anafundisha Makete, na alikuwa akitutumia picha tukiwa kwenye foleni ya maegesho ya Cape Town, na sisi tukidhani anatutania.

Madai yetu ni haya. Tunataka nusu ya nauli irudishwe, yaani shilingi 2,325,000 kwa kila mmoja, jumla 25,575,000, pamoja na risiti halali za fedha zote tulizolipa. Tunataka lile tangazo liondolewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na barua yetu kwa Tume ya Ushindani imeshachapwa. Ninayo kwenye mkoba, haijapelekwa, kwa sababu wenzangu wameniomba niwape ofisi wiki moja.

Kwa mliokwisha kuanza kulipa awamu za safari ya Aprili ijayo, na najua mpo, kwa kuwa tangazo limerushwa tena Jumanne iliyopita na watu wanaandika chini yake "nimependa" na "bei inbox": simamisheni malipo mpaka mbadilishiwe mwezi kwa maandishi. Picha ni ileile, na bahari yake katikati ni ileile.

Wiki moja inaisha Jumatatu. Saa nne asubuhi tutakuwa pale ofisini wote kumi na mmoja, na muuza miche amesema atakuja na ua lake.